Fundo la Mama Feza

Wanangu, mikono hii mnayoiona, yenye vidole vilivyopinda, imepita kwenye viuno vya wanawake wengi kuliko mikono ya mkunga yeyote wa mtaa wetu wa Katuba. Sijivuni. Kwa miaka mingi nilikuwa mpekuzi wa wanawake kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi, wakati nchi ikiitwa Zaire na mkoa wetu ukiitwa Shaba. Mpaka leo mtu akija kunisalimia naanza kumpima bila kutaka: kilemba kimebana nini, mbona bega moja limeshuka. Mjukuu wangu amepata kazi hiyohiyo mwezi uliopita. Alikuja na wenzake wawili, wakakaa sebuleni kwangu wakinionyesha glavu zao mpya, wakaniuliza: Kambo, yaani bibi, kazi hii inafanywaje?

Niliwajibu kwa kifupi kwa sababu magoti yalikuwa yananiuma. Sasa naandika kwa kirefu, maana kuna jambo sikuwaambia siku ile. Ni habari ya mjane aliyeingia kwenye chumba changu na fundo dogo la kitambaa, nami nikalifungua wakati nilijua halifunguliwi. Nitafika huko. Mnivumilie tu, mtu aliyechoka hata kukumbuka anakumbuka polepole.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbao nyembamba, kimesukumwa kwenye kona ya ukumbi wa abiria. Mlango haukuwepo, lilikuwepo pazia la kijani lililoishia juu ya kifundo cha mguu. Ndani kulikuwa na meza moja, benchi la kuwekea watoto, na sanduku la vitu tulivyowanyang'anya watu. Mashine hatukuwa nayo. Wanaume walipekuliwa upande mwingine na wanaume wenzao, wanawake waliletwa kwetu mmoja mmoja. Tulikuwa wawili, mimi na Mama Mbuyu, na mara nyingi mmoja akiwa mgonjwa au amekwenda matanga tulikuwa mmoja.

Tulitumwa kutafuta vitu vitatu: silaha, mawe na karatasi. Silaha mnajua kwa nini. Mawe, kwa sababu watu walibeba malakiti na mawe mengine yenye thamani bila ruhusa. Karatasi, kwa sababu nchi ilikuwa na chama kimoja, na mtu akiandika neno la kukisema vibaya hakulipeleka posta. Mkiniuliza tulipata nini hasa katika miaka yote ile, nitawaambia ukweli: visu vya jikoni, mikasi, chupa za lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, zilizofungwa kwa plastiki na kulazwa katikati ya binkubala, vile viwavi vikavu mnavyovipenda, na siku moja kuku hai aliyelala kimya chini ya koti la mwalimu mmoja wa kike. Bunduki sikuiona hata moja. Sijui kama hazikuwepo au kama zilipita.

Maana wapo waliopita. Sanduku likishapekuliwa tulilichora msalaba kwa chaki, na bila msalaba halikupakiwa. Sasa, masanduku ya wakubwa wa chama yalikuja yakiwa na msalaba tayari. Yalichorwa kwenye gari, huko nje, na dereva. Nilipokuwa mgeni kazini nilimwambia shefu wetu, mkuu wa wapekuzi, kwamba sanduku moja lina msalaba na sisi hatukuligusa. Aliniangalia muda mrefu, akaniuliza kama ninaipenda kazi yangu. Nilisema ninaipenda. Basi tangu siku hiyo nikawa naona misalaba bila kuiona, na mpate kujua kwamba hilo nalo ni ujuzi, linachukua kama miezi miwili kujifunza.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Mbuyu. Zamani alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya uzazi, akahamishwa kwenda uwanja wa ndege kwa sababu ambazo hakuzieleza. Alikuwa mnene, mpole, na hakuwa na haraka hata siku ndege ikiwa imewasha injini. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kutafuta. Lilikuwa kupasha mikono joto. Mnajua baridi ya hapa mwezi wa sita na wa saba asubuhi, ukishika bati vidole vinakufa ganzi. Alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha chuma na kukizungusha viganjani mpaka mgeni aingie.

"Ukiweka mukono ya baridi ku mwili ya muntu," aliniambia, "eko anakaza mwili yote. Sasa utajua namna gani kama anakaza ju ya baridi ao ju ya kintu?"

Nyinyi mtavaa glavu, lakini glavu nazo zina baridi. Kumbukeni hilo.

La pili: anza mabegani, na anza na salamu. Muulize anakokwenda ni kwa nani. Aliyebeba kitu ataangalia mikono yako. Asiyebeba kitu ataangalia pazia, kwa aibu. La tatu: mtoto wa mgongoni hashushwi na mpekuzi, anashushwa na mama yake. La nne lilikuwa juu ya mafundo. Wanawake wetu hawana mifuko, mnajua, kila kitu cha maana kiko kwenye ncha ya kitenge, kimefungwa fundo. Mama Mbuyu hakufungua fundo la mtu. Aliligusa kwa vidole viwili, akauliza kuna nini, mwenyewe akafungua. Na fundo la mwanamke aliyefiwa hakuligusa kabisa. Alimuuliza tu, akaamini.

"Na kama anadanganya?" nilimuuliza.

"Atadanganya," alisema. "Mimi sikosi usingizi."

Nilimwona mzembe. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimeapishwa mbele ya bendera, nilikuwa na sare yenye vifungo vya shaba. Ngoja niwape moja mcheke, kabla hatujafika kusikochekesha. Mwezi wangu wa kwanza niliingiza mama mmoja mnene, mke wa mfanyakazi wa kampuni ya shaba, nikapitisha mikono kiunoni. Vidole vikakuta kamba. Kamba ya pili. Ya tatu, ina vitu vigumu kama punje. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mabomu yana nyaya. Nikaruka nyuma nikaita kwa sauti: "Shefu, huyu mama amefunga nyaya kiunoni!"

Zilikuwa shanga zake. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo nyumbani, bibi yangu alinifunga, lakini woga ulinifuta akili. Ukumbi mzima ulisikia. Mume wake alikuwa kwenye foleni ya wanaume na wanaume wenzake walianza kumpongeza. Mama yule hakukasirika kama nilivyotegemea. Alishusha kitenge chake polepole, akasema, "Ile ni ya kwangu na ya bwana yangu. Sasa ni ya bote." Akatoka. Mama Mbuyu alicheka mpaka akakaa kwenye benchi la watoto, lakini mimi niliona macho ya yule mama, na kicheko hakikunijia. Nilipaswa kujifunza siku ile. Sikujifunza.

Nisiwadanganye kwamba kazi haikuwa na faida. Siku moja msichana aliyekuwa anampelekea kaka yake zawadi aliingia na chupa ya petroli kwenye kikapu, imezibwa kwa gunzi la mahindi, iko chini ya nguo za mtoto. Hakuwa na nia mbaya, kaka yake alikuwa na pikipiki na huko aliko petroli ilikuwa haipatikani. Angekaa nayo kwenye ndege miguuni, na wakati ule watu walivuta sigara hewani. Mama Mbuyu aliijua kabla msichana hajafika kwenye pazia, kwa pua. Hakumshika popote. Alimwambia, "Mwanangu, acha ile kintu inanuka apa kwetu, itaunguza bantu." Hiyo ndiyo hatari pekee ya kweli tuliyoizuia, mimi nikiwa shahidi, na haikuhitaji kumvua mtu nguo.

Sasa nije kwenye fundo.

Kulikuwa na msimu ambao karatasi moja ilikutwa kwenye kiti cha ndege, imeandikwa maneno ya kumtukana kiongozi wa nchi. Nani aliiweka hatukujua. Shefu wetu wa wakati huo, kijana aliyeletwa kutoka mji mkuu, mwenye abakosi, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi na beji yenye picha ya kiongozi kifuani, aliogopa kazi yake kuliko tulivyoogopa zetu. Alitukusanya asubuhi akatoa amri mpya: kila fundo lifunguliwe, kila kitambaa kishikwe ncha mbili na kukung'utwa juu ya meza. Ili ahakikishe, alisimama nje ya pazia letu anasikiliza. Nikikawia na mtu, alikohoa.

Mama Mbuyu siku hiyo hakuwepo, alikuwa matanga ya dada yake. Nilikuwa peke yangu, na ndege ya Kalemie ilikuwa inajaza watu.

Akaingia mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa, amefunga kitenge cheusi, miguuni hana kitu. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Mjane. Na siku zake za kufiwa zilikuwa hazijaisha, ilionekana kwa namna alivyosimama mbali na meza ili asiiguse. Nilipasha mikono joto, hilo nililifanya. Nilimsalimia, nikaanza mabegani. Aliniambia anaitwa Mama Feza, Feza ni binti yake wa kwanza, watoto amewaacha kwa dada yake Katuba. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa tanuri la shaba, aliumwa ghafla akafa hospitali, wakamzika hapa kwa sababu maiti isingeweza kusafiri. Atashuka Kalemie aendelee mpaka Nyunzu kwa wakwe zake.

Kifuani, ndani ya kitenge, vidole vyangu vikakuta fundo. Ndani ya fundo, karatasi ikalia.

"Kuna nini, mama?" niliuliza, kama nilivyofundishwa.

"Ni nywele na makucha ya bwana yangu," alisema. "Bandugu yake balituma neno: kama hatukumuona, utuletee nywele na makucha ya mikono yote mbili, tumuzike kwetu. Banasema alikufa mbio sana. Banasema pengine mi nilimuuzisha. Kama kintu inakosa, batabeba batoto, na mi batanifukuza."

Naomba muelewe vizuri, kwa sababu nyinyi vijana mmezaliwa mjini. Kwetu mtu akifa mbali, kinachorudi nyumbani ni nywele na kucha zake. Zikizikwa huko, amerudi. Zikipungua, wakwe wana haki ya kuuliza kilichopungua kiko kwa nani na kinafanya nini. Kwa mwanamke ambaye tayari anasemwa kwamba amemuuza mume wake kwa uchawi, fundo lile lilikuwa watoto wake watatu na jina lake.

Nilijua yote hayo. Mama yangu alipokea fundo kama hilo la kaka yake kutoka Likasi. Nilijua na sheria ya Mama Mbuyu. Niliangalia pazia, nikaona viatu vya shefu. Akakohoa.

Nikalifungua. Sikumwambia afungue mwenyewe, nilifungua mimi, kwa sababu nilitaka kumaliza. Karatasi ilikuwa ukurasa wa daftari la shule, na maandishi yake yalikuwa hesabu za Feza, saba mara nane, saba mara tisa. Nilitaka kuona kama kuna maneno mengine nyuma. Nikashika kitambaa kwa ncha mbili na kukikung'uta, kama tulivyoamriwa.

Nywele zilikuwa zimefungwa uzi, zilianguka mezani kwa pamoja. Kucha hazikufungwa. Zilidunda mezani zikaenda chini.

Mama Feza hakulia, wala hakunitukana. Alipiga magoti. Na mimi nikapiga magoti. Saruji ya chumba kile ilikuwa imepasukapasuka, na ukuta wa mbao haukugusa chini, kulikuwa na uwazi wa vidole viwili. Tulitafuta kwa vidole, vichwa vyetu vikigongana. Kucha iliyokatwa ni kitu kidogo sana, wanangu, ni nyembamba na rangi yake ni ya vumbi. Nilikuwa nikiiona moja nasema asante Mungu, kisha naiona ni kipande cha mti.

"Citoyenne, kuna nini humo?" shefu aliuliza, maana wakati ule kila mwanamke aliitwa hivyo, raia.

"Hakuna kitu, shefu. Mtoto amekojoa."

Hakukuwa na mtoto. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini, nao ulitoka kwa urahisi. Nikiwa pale chini niliona ukumbi kupitia chini ya pazia, miguu tu. Viatu vyeusi vinavyong'aa, jozi mbili, vilipita bila kusimama, na nyuma yao yakaburutwa masanduku mawili mazito yenye misalaba ya chaki. Viatu vya shefu viliungana visigino, alikuwa anapiga saluti. Nilitazama masanduku yale yakipita, nikarudi kutafuta kucha ya marehemu.

Tulipata tisa. Tulizipanga mezani, tukazihesabu mara tatu, zikawa tisa mara tatu. Nje walianza kuita abiria wa mwisho wa Kalemie.

"Bataesabu," alisema Mama Feza. Aliongea polepole, kama anayemwambia mtu mwingine. "Mama, batafungula na bataesabu. Mi nitasema nini?"

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa moto. Nikafungua lile sanduku la vitu tulivyonyang'anya, nikachukua mkasi mdogo wa fundi nguo niliouchukua asubuhi ileile kwa mama mmoja, nikakata kucha ya kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto. Nikaiweka mezani na zile tisa. Zilifanana, hakuna ambaye angezitofautisha.

Mnajua nilichokifanya? Hamjui, mmezaliwa mjini. Mtu hai haweki kitu cha mwili wake kwenye kaburi la maiti, maana maiti itamvuta. Mama yangu angenipiga mbele ya watu, mkubwa hivyo. Mama Feza alielewa, alirudi nyuma hatua moja. Alizitazama kucha, akanitazama mimi, akatazama pazia. Kisha akauliza:

"Jina yako njo nani?"

"Ngoie."

"Ngoie mutoto ya nani?"

"Ya Monga, wa reli."

"Sawa. Minapashwa kujua. Siwezi kumuzika muntu mwenye hapana jina." Akazikunja zote kumi kwenye hesabu za Feza, akafunga kitambaa yeye mwenyewe, mizunguko mitatu, akavuta kwa meno. "Siku utafika Nyunzu, uulize kwa Mama Feza, pembeni ya misheni. Mi nitamwambia bwana yangu asikusumbue."

Akatoka. Shefu aliniuliza kama nimepata chochote. Nikasema sikupata.

Mama Mbuyu aliporudi kutoka matanga nilimweleza yote. Nilitegemea anihurumie, kwa sababu ya amri na kwa sababu ya viatu vile chini ya pazia. Alizungusha kikombe chake cha chai, akasema, "Weye ulijua." Hakusema tena juu ya jambo hilo mpaka anastaafu, na sijawahi kusemwa neno lililoniuma zaidi. Kama hamkujua kitu, wanangu, mtasamehewa haraka. Mimi nilijua.

Jumamosi nilifua sare. Kwenye pindo la mkono wa kulia, lile lililokunjwa, vidole vyangu vikakuta kitu kidogo kigumu. Ilikuwa kucha ya kumi. Ilikuwa imenirukia mimi. Tulipokuwa tunatambaa kwenye saruji na kugongana vichwa, nilikuwa nimeivaa.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Kisha nikaiweka kwenye kiberiti kitupu, nikakificha kiberiti nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Sikumwambia mume wangu, angeuza kitanda amlipe mganga. Nilifikiri kuituma kwa abiria wa Kalemie, lakini ningemwambia nini, mpelekee marehemu kucha yake? Na abiria huyo angepita kwenye chumba changu, na mwenzangu wa zamu angekifungua kiberiti. Kwenda mwenyewe sikuweza. Ruhusa hatukupewa, na ukikosekana siku tatu nafasi yako inachukuliwa na shemeji ya mtu. Basi nikakaa nayo. Mwaka ukapita, ikapita mingine. Nikiumwa jino nilisema ni ile kucha yangu huko Nyunzu inavutwa. Mtoto akiugua nilisema ni hiyo. Malaria ya kawaida tu, lakini mtu mwenye jambo moyoni hana malaria ya kawaida.

Nikaendelea kupekua. Hilo ndilo linalonichosha nikilikumbuka, kwamba niliendelea. Ila mafundo sikuyafungua tena. Mashefu walibadilika, mmoja alikohoa, mwingine alipiga kelele, wa tatu alilala kwenye kiti. Niliwaambia wanawake wafungue wenyewe, na mjane sikumgusa. Niliandika kwenye daftari kwamba nimepekua. Sasa mtasema nilikuwa mzembe kama nilivyomwona Mama Mbuyu. Semeni. Katika miaka yote iliyofuata hakuna ndege iliyopata shida kwa sababu ya mjane.

Waliponistaafisha hawakufanya sherehe. Walichukua sare, vifungo wakavihesabu. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wana nyumba zao. Nilichukua kiberiti nyuma ya Bikira, nikapanda treni. Ilituchukua siku nyingi, mara reli imekatika, mara kichwa cha treni kimekwenda kusaidia treni nyingine. Abiria mwenzangu aliniuliza ninakwenda kufanya nini Nyunzu, nikamwambia ninarudisha kitu cha wenyewe. Akasema siku hizi watu wa namna hiyo wamebaki wachache. Nilitamani kushuka.

Mama Feza nilimkuta pembeni ya misheni, kama alivyosema. Nywele zilikuwa zimeota, zimekuwa nyeupe. Alinijua kabla sijataja jina, sijui kwa nini, labda kwa mikono. Tulikaa uani, akanipa maji, akanitajia watoto: Feza ameolewa hapohapo, wa pili ni fundi seremala, wa tatu yuko seminari. Walimfuata kwa treni mwezi uleule wa mazishi, na hakuna aliyewachukua. Wakwe walimpa kiwanja. Alisema kila mwaka siku ya marehemu wote anakwenda kaburini, anataja jina la mume wake, halafu anasema pale pia kuna kidogo ya Ngoie wa Monga, naye alale vizuri. Nilimshika mkono. Kwa miaka mingi nilikuwa nashika watu, lakini si hivyo.

Kisha nikauliza swali ambalo nilikuwa nimebeba muda wote.

"Walihesabu?"

"Hapana," alisema. "Baba Mukubwa alipokeya fundo, akaiweka mu kiganja. Akaniuliza: ni yeye? Nikasema: njo yeye. Akaizika vile vile. Hapana muntu alifungula."

Baba Mukubwa, kaka mkubwa wa marehemu, yule aliyetuma neno kali kutoka Nyunzu, alikuwa bado hai. Alikuwa mzee sana, anatembea kwa kushika ukuta. Mama Feza alikwenda kumwita na kumweleza sijui kwa maneno gani, nikawaona wanakuja, mzee akiwa na jembe dogo mkononi. Tulikwenda watatu nyuma ya misheni, kwenye kaburi dogo lisilo refu hata kama mkono wangu, kwa sababu halikuwa na mwili. Alichimba mwenyewe, hakukubali kusaidiwa, akipumzika kila baada ya mapigo matatu. Nilitoa kiberiti. Nikaanza kusukuma kidroo chake nimwonyeshe, ahakikishe, aone kwa macho yake kwamba simdanganyi.

Akaweka mkono wake juu ya wangu, akauzuia.

"Ni ya ndugu yangu?" aliuliza.

"Ni yake, baba."

Alikichukua kiberiti kikiwa kimefungwa, akakilaza kwenye shimo, akakifunika na udongo.